Aliyenisalimia Toka Kwenye Tangi la Samaki

Cheka kwanza, ukimaliza nianze. Pale Makambako ninapopakia viazi kwenye malori wanajua mdomo wangu haulali, kwa hiyo watasema nimetunga. Sikutunga. Mdogo wangu Upendo alikuwepo, ana miaka tisa, na hajui kudanganya hata mwalimu.

Walikuja watu na nyumba ya samaki. Si nyumba hasa, ni kontena refu lililofunikwa turubai jeusi. Ndani matangi ya vioo huku na huku, visamaki vya bluu na vya njano toka Ziwa Nyasa. Upendo alikuwa kaja likizo, na siku ile nilitakiwa nimrudishe kwa mama, Njombe. Nikasema kabla ya basi, ngoja akaone samaki ambao hawajakaangwa.

Tukaingia saa tisa alasiri. Upendo akaganda kwenye tangi la kwanza, mimi nikasogea mpaka mwisho. Tangi la mwisho lilikuwa na maji matupu. Nyuma ya maji nikaona mzee kasimama, koti limelowa, ananiangalia.

"Kamwene," akasema.

Sasa wewe Mbena, mzee akupe kamwene, salamu ya kwetu, unyamaze? Umelelewa na nani? Nikaitikia, "Kamwene, babu! Na wewe unauzwa mzimamzima au vipande?" Nikabandika kiganja kwenye kioo kama nampa mkono.

Niamini, hapo ndipo akili ikanijia: nyuma ya lile tangi ni bati la kontena tu. Mtu angesimama wapi?

Baridi ikanipanda toka kiganjani, masikio yakajaa maji. Kufumbua macho, niko upande wa pili. Na nje ya kioo nikamwona nani? Mimi. Koti langu, kofia yangu, mgongo wangu unaondoka. Ukafika kwa Upendo, ukamshika mkono.

Nikapiga kelele, yakatoka mapovu. Nikataka kugonga kioo, mikono sina. Vijana wawili wakasimama mbele yangu.

"Oya, cheki hili lisamaki, limetoa macho kama limefumaniwa!"

"Hili ukilikaanga ukoo mzima unashiba."

Wakacheka. Mimi niliyezoea kutania watu nataniwa, na sina mdomo wa kujibu. Nyuma yao mdogo wangu anapelekwa mlangoni na mtu asiye mimi, anamfuata tu kwa kuwa ni kaka yake. Angempeleka wapi? Mpaka leo sitaki kuwaza.

Mlangoni alikaa mama mmoja mtu mzima, anapokea wageni. Kilichosemwa pale alinisimulia Upendo baadaye, mimi niliona midomo tu. Yule mama akasema, "Kamwene, mwanangu." Kimya. Akarudia. Kimya, mtu anavuta mkono wa mtoto. Upendo aibu ikamshika, akakita miguu.

"Kaka, unasalimiwa!"

"Twende."

"Siendi! Mtu mzima anakusalimia unanyamaza? Namwambia mama! Itikia!"

Akakaa chini kabisa, akaangua kilio, watu wote wakageuka, mlango ukaziba. Yule mtu akaangalia huku na huku, hana pa kupita. Akafungua mdomo wangu polepole, kama anang'olewa jino.

"Ka..."

"...mwene," nikamalizia mimi. Nimesimama mlangoni, koti kavu, masikio yanachuruzika maji, mkono wa Upendo umo kwenye wangu. Unafikiri niligeuka kumwangalia samaki gani? Tulikimbia mpaka stendi. Kumbe ni kule kuitikia: kulinitoa mimi mwilini, kukamtoa na yeye.

Ile nyumba waliihamisha kesho yake. Lakini yule mzee keshaijua sauti yangu. Ananisalimia kwenye dirisha la basi, kwenye kioo cha kinyozi, hata kwenye simu ikizimika. Ndiyo maana simwitikii mtu yeyote aliye nyuma ya kioo. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, ukungu umetanda, mama akanipa kamwene toka dirishani, sura yake siioni vizuri. Nikanyamaza. Akarudia mara tatu. Alipozunguka akatokea mlangoni alikuwa analia, akaniuliza kanikosea nini. Nikamgusa mkono kwanza, ndipo nikamwitikia.

Na wewe, kioo kikikupa salamu, funga mdomo, waache wakuite huna adabu. Na ukipita Makambako ukanisalimia toka kwenye gari, nikakutolea macho tu, usinune. Shuka kwanza nikuguse.