Kiuno Kwanza au Mikono Kwanza

Miaka ile nchi yetu ikiitwa Zaïre na mkoa wetu ukiitwa Shaba, nilikuwa mpiga mashine ya kuandika katika ofisi ya mfanyabiashara mmoja wa malori, hapa Kolwezi. Tajiri wangu alikuwa Mwislamu, watu wake walitokea Maniema, na hakupenda maneno mengi. Nilimwandikia karatasi za mizigo: mifuko ya unga, mapipa ya mafuta, mabati. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Madereva walikuwa wakisimama mlangoni kusikiliza mashine inavyolia, nami nilijifanya siwaoni.

Jumamosi mchana nilicheza mpira wa gongo, ule wa Kimarekani, mmoja anarusha na mwingine anapiga.

Mchezo huo aliuleta Mmarekani mmoja, mke wa fundi aliyekuja na kundi lililosimika nguzo za umeme. Alichoka kukaa nyumbani, akaja kanisani kwetu kwa Waprotestanti kuuliza kama kina mama na wasichana wangependa kujifunza. Kiswahili chake alikiokota kwa mpishi wake na kwenye kitabu. Tulimwita Mama wa Waya, naye alicheka. Tukafyeka uwanja nyuma ya kanisa siku moja ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma. Gongo moja lilikuwa lake, na seremala wa kanisa akatuchongea mengine mawili ya mti wa mukula, mazito kama mchi.

Siku ya kwanza niliposhika gongo sikuuliza kitu. Mama wa Waya alinirushia mpira kwa chini, ukapanda, ukashuka, nikaupiga. Sijui niliupigaje. Nilisikia tu mlio mmoja mkavu, kisha wenzangu wakapiga vigelegele. Mpira ulivuka ukuta na kuangukia shamba la karanga la jirani.

"Tena!" akasema Mama wa Waya.

Nikapiga tena, na tena ukavuka. Jirani alitoka na jembe mkononi kututukana.

Kwa miezi miwili hivi nilipiga vile kila Jumamosi. Nikitembea sokoni, watu walinionyesha kidole kusema ndiye mimi: njo ule binti wa mupira. Mama yangu aliona haya kidogo, lakini nilimsikia akiwasimulia majirani.

Kisha akaja mwalimu wa hesabu.

Alikuwa mtu wetu, amezaliwa huku huku. Misheni ilimpeleka Marekani akasome, akakaa miaka sita na kucheza mchezo huu na wanafunzi wenzake. Sasa alifundisha shule ya sekondari na kuongoza kwaya yetu. Alivaa abakosti, ile suti ya Zaïre isiyo na tai, iliyopigwa pasi hata siku ya vumbi. Jumamosi moja alisimama pembeni akanitazama nikipiga mara tatu, akakunja uso.

"Unapiga muzuri," akaniambia. "Lakini unapiga kwa bahati. Bahati itaisha."

Akaokota kijiti, akachora chini. Alisema njia fupi kati ya mikono na mpira ni mstari ulionyooka. Mikono itangulie, gongo lishuke kama unayekata majani, uzito uende kwenye mguu wa mbele. Mpira utabiringika chini, na kwa uwanja wetu wenye mawe hakuna atakayeushika.

Mama wa Waya alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mchoro ule kwa kiatu chake. Hakufuta kwa hasira, alitaka nafasi ya kuchora wa kwake.

"Hapana, Tata," akasema, akimwita mwalimu baba kama tulivyomwita sisi. "Mupira inashuka. Gongo inapaswa kupanda, bikutane. Nguvu haitoke mu mikono. Inatoka hapa." Akajipiga kiunoni. "Kiuno kwanza! Mikono inafuata tu."

Kina mama wazee waliokuwa wakipita kwenda mazoezi ya kwaya walisimama wakashika midomo. Mzungu anapiga kelele za kiuno nyuma ya nyumba ya Mungu!

Tulicheka sana siku hiyo, hata mimi. Lakini Jumamosi iliyofuata waliendelea palepale walipoachia, na iliyofuata tena. Hawakugombana kwa matusi. Walipendana, nadhani, kama wanavyopendana watu wawili ambao ni wao tu mjini wanaojua kitu fulani. Mwalimu alikuja na karatasi zenye pembe na mishale. Mama wa Waya alikuja na picha alizokata kwenye magazeti ya kwao. Na kila hoja ilihitaji ushahidi, na ushahidi ulikuwa mimi.

"Mwangalie goti lake!"

"Mwangalie kiwiko chake!"

Mmoja alinisukuma bega la kushoto, mwingine akanigeuza mguu wa kulia. Nikifuata ushauri wa mwalimu, Mama wa Waya alitikisa kichwa kwa huzuni. Nikifuata wa Mama wa Waya, mwalimu alifunga daftari lake polepole, na hilo lilinichoma zaidi ya kukaripiwa. Nikaanza kukosa. Nilikuwa najua sasa kwamba nina kiuno, nina mikono, nina magoti mawili na uzito wa kuhamisha, na kila kimoja kilingoja amri. Mpira ulikuwa umekwisha kupita.

"Baambie baache," mama yangu alisema jikoni. "Uko na kinywa."

Lakini ningewaambiaje? Huyu mgeni wetu, huyu kiongozi wa kwaya, wote wawili wakubwa kwangu, na wote wawili walikuwa wakijisumbua kwa ajili yangu. Siku moja nilijitia moyo.

"Mama, Tata," nikasema, "ninaomba munisamehe. Mi nataka kupiga tu, vile nilikuwa napiga mbele."

Wakaacha kuchora. Nikadhani nimeokoka.

"Umesikia?" mwalimu akamwambia mwenzake. "Anataka njia fupi."

"Hapana, anataka kugeuka bila kufikiri! Njo kiuno hiyo!"

Wakaendelea mpaka jua likawa chini, nami nimesimama katikati na gongo la mukula likinivuta mabega.

Ndipo wakaja wanawake wa Likasi kucheza nasi. Walikuja kwa basi la misheni, wanawake kumi na wawili na mrushaji mmoja mrefu ambaye hakutabasamu. Uwanja ulijaa. Tajiri wangu naye alikuja, akasimama nyuma na kofia yake nyeupe, mara ya kwanza kumwona mahali pasipo na lori.

Zamu yangu ya kwanza nilipiga hewa mara tatu, nikarudi kukaa. Hakuna aliyenitazama usoni.

Zamu ya pili mwalimu alikuwa amesimama upande wa kulia wa uwanja, na Mama wa Waya upande wa kushoto. Mrushaji aliinama. Mpira ukatoka mkononi mwake, nami niliuona vizuri, niliona hata uzi wake mwekundu.

"Mikono!" alilia mwalimu.

"Kiuno!" alilia Mama wa Waya.

Sikufanya kitu. Nataka hili lieleweke, kwa maana watu walisema baadaye kwamba niliogopa. Sikuogopa. Mwili wangu ulingoja kuambiwa, na waliouambia walikuwa wawili. Mikono ilianza kwenda, ikasimama njiani, mpira ukaja ndani na kunibana vidole juu ya mti wa gongo. Nilisikia mlio. Nilidhani ni gongo lililovunjika.

Vilikuwa vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Kwenye dispensari muuguzi alivinyoosha, akavifunga na vijiti. Walimu wangu wawili walisimama miguuni pa kitanda. Mama wa Waya alikuwa mweupe kama chokaa. Mwalimu alikuwa ameivua abakosti na kuikunja mkononi.

"Kama mikono ingetangulia," akasema kwa sauti ndogo, "ingekuwa imeisha kupita pale."

"Kama kiuno ingefunguka," akajibu Mama wa Waya, "mikono isingebaki ndani."

Muuguzi aliwafungulia mlango akawaomba watoke. Walitoka kwa adabu. Kisha nikawasikia chini ya dirisha, wakiendelea polepole, kama watu wanaosali kwa zamu. Nikalia. Muuguzi alidhani ni maumivu, akaniletea kidonge.

Vidole vilipona vimepinda. Tajiri hakunifukuza. Alinipa kazi ya kupanga karatasi kabatini, na mashine akampa msichana mwingine. Baada ya miezi alinirudishia nusu ya kazi, nikapiga kwa vidole vinane. Madereva hawakusimama tena mlangoni.

Mama wa Waya alikuja nyumbani kwetu mara moja, peke yake, na kopo la biskuti. Aliushika mkono wangu akautazama muda mrefu.

"Ile siku ya kwanza," akauliza, "ulikuwa unapiga namna gani?"

"Sijui, Mama."

"Nionyeshe tu."

Nikachukua mti wa ufagio nikasimama uani. Nilijaribu. Nilijaribu tena, haikuja. Yeye alifunika uso, na mama yangu akaniita nije ndani nisaidie mboga, ingawa mboga zilikuwa tayari. Mwezi uliofuata kazi ya mume wake iliisha, wakaondoka.

Mwalimu alihamishiwa Lubudi. Mwaka ulipopita nilipata barua yake, imekuja na treni. Ndani alichora mtu anayegeuka, mshale mkubwa kiunoni, mistari safi kabisa. Alikuwa ameanza kufikiri, aliandika, kwamba huenda Mama wa Waya ndiye aliyekuwa sahihi. Je, ningeweza kumwambia kweli? Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kupiga vile, na alihitaji kujua.

Nilitia karatasi kwenye mashine nikaandika *Tata mpendwa*. Nikakaa. Nilijaribu kukumbuka kilichotangulia na kilichofuata, na sikuona chochote, ila vigelegele na jirani na jembe lake.

Tajiri aliingia akiuliza karatasi ya lori la Likasi. Nikaitoa ile barua, nikatia karatasi yake ya mizigo.