Makaa Chini ya Giaboksi

Baba yangu aliendesha magari ya misheni tangu kijana mpaka mvi. Alibeba mapadre, saruji, mbegu za viazi, wajawazito waliokuwa wakipiga kelele na maiti waliotulia. Mtu mmoja tu hakuwahi kumbeba, dada yake wa Mlangali, shangazi yangu. Gari la misheni halikuwa la kupandisha ndugu, na baba ni mtu wa kufuata amri hadi anaudhi. Alichofanya ni kumwahidi: siku nikiwa na gari langu nitakuja kukuchukua, utakaa mbele, nitakuleta Njombe uone ninapoishi.

Gari lilipatikana baba akiwa ameshastaafu, pikapu kuukuu iliyochoka kumzidi. Kisha kikaja kiharusi, kikauchukua mkono wa kushoto, ule wa gia. Kwa hiyo dereva nikawa mimi, binti yake wa kwanza, na baba akawa abiria msumbufu kuliko wote niliowahi kukutana nao. Nikikanyaga klachi anakanyaga na yeye. Nikikosea gia anafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Mwaka huu simu za kutoka Mlangali zikaanza kuwa fupi. Shangazi hali vizuri. Shangazi haendi tena shambani. Shangazi anauliza kaka yake anakuja lini. Hapo ndipo nilipojua kwamba hatuna muda, na kwamba gari nalo halina. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe kwenye mlima, lazima uishike kwa mkono. Na asubuhi, kwa baridi ya Julai, haikuingia gia hata moja. Nilimwambia baba tukodi gari la watu tukamwone dada yake, yaishe. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nilimwahidi langu," akasema.

Kwa gia za asubuhi alikuwa na dawa yake. Wale madereva wa zamani waliosomba viazi na mbao huku kwetu wote wanaijua: unajaza makaa ya moto kwenye karai, unalisukuma chini ya giaboksi, unakunywa chai. Ukimaliza chai, oili iliyoganda imelegea na gia inaingia bila kelele. Baba aliyaamini makaa hayo kuliko fundi yeyote.

Gari tulilipeleka Makambako, kwa fundi mmoja upande wa Mahongole anayesifiwa kwa giaboksi. Alilala chini ya gari, akafungua nati ya pembeni, akachovya kidole. Kikatoka kikavu. Akamwaga kile kilichobaki ndani: tope jeusi lenye chembe za shaba, linanuka kuungua.

"Mzee, shikamoo tena," akasema kutoka kule chini. "Hii sili ya kuzuia oili imeiva. Mnapikia huku?"

"Tunapasha," baba akajibu.

"Mnapasha nini, maharage?"

Nilicheka. Baba hakucheka. Fundi akaweka sili mpya, akajaza oili mpya, akaniita pembeni. Meno ya gia yamelika, beringi zimechoka, lakini kwa mwendo wa taratibu Mlangali tutafika na kurudi. Sharti ni moja. "Dada, asubuhi washa, weka gia frii, achia klachi, subiri. Oili itajipasha yenyewe. Moto usiwepo kabisa. Sili ni mpira huu, ukikauka inavuja, na oili ikiisha hakuna tena giaboksi." Alirudia maneno hayohayo mbele ya baba, na baba akaitikia kwa kichwa, kwa adabu zote. Tungeondoka Jumamosi. Nikapiga simu Mlangali, nikasikia shangazi akicheka huko nyuma.

Jumamosi tulitoka nyumbani Mjimwema na ukungu, tukapita Itoni, tukaishika barabara ya Ludewa. Gia zilikuwa laini ajabu. Baba alivaa koti la suti na kofia, ananisifu, jambo ambalo lingetosha kunitia wasiwasi. Kwenye mlima mrefu ndipo nilipoisikia, sauti ya kusaga kutoka chini ya miguu yetu, ikipanda kila tulivyopanda. Kisha harufu. Kisha mshindo mmoja, na gari likakataa gia zote, mbele na nyuma.

Niliinama chini. Giaboksi ilikuwa imeloa mpaka mkia, na tulikotoka lami ilikuwa na matone meusi kufuata mstari wetu.

"Baba."

Alikuwa anatazama mbele. "Niliweka makaa kidogo tu," akasema. "Asubuhi asubuhi, wewe ukishaenda kazini. Nilitaka lisishikwe na baridi kabla ya safari."

Wiki nzima. Kwa mkono mmoja, amejikokota na karai hadi chini ya gari, kwa mapenzi matupu. Nilimfokea. Nilimfokea barabarani watu wakipita, mzazi wangu, na bado nikikumbuka hasira inanipanda. Nikasimamisha gari lililokuwa linaelekea Ludewa, dereva akakubali kutuchukua. Baba hakushuka.

Mlangali wakapiga simu. Shangazi alikuwa ameshavishwa sweta, ameketi mlangoni tangu asubuhi, amekataa kuingia ndani.

Tulivutwa kurudi nyumbani. Fundi akaja kutoka Makambako, akaishusha giaboksi, akaifungua uani kwetu. Beringi ilikuwa imevunjika ndani ya gia, gia imevunjika ndani ya ganda. Giaboksi ya modeli ile haipatikani tena, alitafuta Makambako, akatafuta Mbeya na Dar. Nilimwomba baba tukodi gari. Kila nilipoomba alisema litatengemaa, subiri kidogo. Nikachoka kuomba. Shangazi akafa kabla mahindi hayajapandwa.

Tulikwenda kumzika kwa gari la kukodi. Baba aliingia, akakaa nilipomkalisha. Mlangali, baada ya udongo, mama mmoja mzee aliyekuwa akimuuguza shangazi akaja kutupa pole, akamshika baba ule mkono mzima.

"Alikungoja," akasema. "Mbona hukuja kumchukua?"

"Gari liko Makambako kwa fundi," baba akasema. "Wiki ijayo linatoka."

Vipande vya giaboksi vilikuwa kwenye beseni uani kwetu, vimeota kutu. Yule mama akanigeukia mimi, anangoja.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wiki ijayo."