Visu Viwili vya Kinepali na Ng'ombe wa Mama

Mwaka jana kaka yangu alirudi likizo kutoka Uarabuni, anakofanya kazi ya ulinzi, akiwa na visu viwili alivyovifunga kwenye taulo. Alipewa na Mnepali anayeishi naye chumba kimoja. Havikuwa visu vya jikoni. Kwao Nepali hivyo ndivyo mapanga: vifupi, vizito, vimepinda kwenda mbele kama goti. Chembamba kinaitwa sirupate; kipana, chenye tumbo, kinaitwa bojpure. Kaka aliyataja majina hayo kwa madaha, utadhani kazaliwa huko.

Mimi sikupanda mlimani kwa ajili ya visu. Nilitoka Same kwenda kumchukua mama. Tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa umepona nusu: kijiko unashika, kitana unashika, lakini panga likikaribia bega unagoma. Na bila panga ng'ombe wake wa bandani hali, kwa sababu anakula migomba na majani ya kukatwakatwa kila siku. Jirani alikuwa akimkatia kwa huruma, na mama huruma ya jirani haiwezi. Nilishamwandalia chumba mjini, kitanda na godoro jipya. Mnunuzi wa ng'ombe alikuwa Hedaru, akisubiri neno langu tu.

Mama hakutaka. Wapare tunataniwa kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Mama alikuwa na kesi moja tu, na mshtakiwa nilikuwa mimi.

"Umekuja kunisalimia au kunihamisha?" aliniuliza hata kabla hajaitikia shikamoo yangu.

Kaka, ambaye hapendi makelele, ndiye aliyesema tupime. Mama akiweza kukata chakula cha jioni cha ng'ombe peke yake, kwa kisu chochote kati ya vile, anabaki. Akishindwa, anashuka na mimi. Mama alikubali upesi. Nami nilikubali, kwa sababu nilijua atashindwa. Nilitaka ashindwe.

Alianza kaka mwenyewe, ili tujue kipi ni kipi. Kwenye gogo kavu la mkaratusi, kile kipana kilizama na kurusha vibanzi hadi mlangoni. Chembamba kiliingia kidogo tu kikanasa. Kwenye mgomba mambo yakageuka. Chembamba kilipita kwa pigo moja, safi kabisa, utomvu ukachuruzika; kipana kilikata pia, lakini kikaziponda nyuzi. Tukalileta na panga la nyumbani. Kwenye mgomba halikuachwa mbali, jambo lililomuudhi kaka kidogo.

"Basi, hiki chembamba," akahukumu. "Mgomba ni laini, na chenyewe ni chepesi. Mkono mgonjwa hautaki mzigo."

Hata mimi niliona ana hoja. Mama akasimama mbele ya gogo la kukatia, akakinyanyua kile chembamba, akapiga. Kikaishia katikati ya mgomba. Akapiga tena, kikaruka pembeni. Kwa wepesi wake kilidai nguvu ya bega, na bega ndilo lililokuwa limemwangusha. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Nikafurahi, na furaha hiyo ikaniuma palepale.

"Nipe kile chenye kitambi," mama akasema.

"Mama, hicho kizito, utajikata."

"Nimekuomba kisu, sijakuomba ushauri."

Akavuta kigoda, akaketi, mgomba ukiwa mbele yake juu ya gogo. Alikiinua kisu hadi usawa wa kifua tu, akakiachia kishuke. Uzito wote wa kisu kile uko mbele, kwenye tumbo lake; ukikiacha, kinaanguka chenyewe. Kipande kikakatika. Hakikuwa safi, nyuzi zilining'inia kama ndevu, lakini ng'ombe haulizi. Akausogeza mgomba kwa mkono wa kushoto, akakiinua tena. Alikwenda polepole sana, akipumzika alipotaka. Kaka alipojitia kumsaidia kusogeza, mama alimtazama mara moja tu, naye akarudi nyuma. Beseni likajaa.

Mama akaufuta utomvu kwa jani. "Kitanda chako cha mjini lalia wewe," akaniambia. "Ukinikumbuka, panda."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilimwambia kwamba siogopi yeye kufanya kazi, naogopa simu. Naogopa siku moja nipigiwe nikiwa Same, niambiwe ameonekana bandani ameanguka, peke yake, na hakuna anayejua tangu lini. Nililia mbele ya kaka bila haya.

Mama aliniacha nilie hadi nikanyamaza mwenyewe.

"Siku hiyo itafika hata nikiwa chumbani kwako, mwanangu," akasema. "Hapa itanikuta nina kazi."

Nikabeba beseni, nikaenda kumlisha ng'ombe niliyekuja kumuuza.