Mwali Ndani, Funguo Ndani

Mnaoniona nikipita Magomeni na gari ambalo kava la mlango limefungwa kamba, chekeni tu, nimeshazoea, ila leo acha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana aibu ile bado inanichoma.

Jirani yangu Mama Zuhura aliniomba nikamchukue binti yake kule Likombe, anatoka unyagoni, na mimi mgeni wa huku (nimeletwa na ualimu, kwetu Mbeya) nikaona ni heshima kubwa. Tatizo gari lenyewe, limezeeka kuliko mimi: makava ya ndani ya milango yananing'inia, swichi za vioo zimekufa. Fundi akasema nimpelekee Jumatatu, na mwali anatoka Jumapili. Nikaona kwani kava ni kitu gani, nikashika bisibisi na kijiko cha jikoni, nikabandua makava yote, nikaunga nyaya za vioo na za kufuli kwa kubahatisha, nikabandika kwa gundi. Klipu nne za kushikia makava zilibaki, nikazitia mfukoni (anayejua ufundi ameshaanza kuogopa).

Nikamchukua mwali, tukafika kwa Mama Zuhura saa saba mchana, vioo juu kwa sababu ya vumbi, ngoma zinalia. Nyuma yumo mwali, amefunikwa kanga, kichwa chini, pamoja na somo yake, bibi mnene aliyemfunda. Kiti cha mbele kimejaa masufuria mpaka juu. Nikashuka kwa madaha niwafungulie, nikabamiza mlango wangu, na milango yote ikajifunga yenyewe. Funguo ndani.

Somo akavuta kitasa, kikambakia mkononi. Akabonyeza swichi ya kioo, kimya. Akaanza kugonga, lakini ngoma zilimmeza, na kina mama walioniona nimesimama tu pale sifungui wakadhani namzuia mwali ili nitunzwe kwanza. Mmoja akanitupia kanga begani, mwingine akanivisha ya pili, wimbo ukageuka ukawa wa kunitania mimi.

"Mwalimu, umeshapendeza, tupe mwali wetu," akasema Mama Zuhura, anacheka.

Niliogopa, jamani. Mwali alikatazwa kusema wala kuinua kichwa mpaka atolewe mbele ya watu, na binti yule alitii. Kanga ililowa jasho, kisha nikaona anamwegemea somo polepole, analegea. Mimi napiga kelele kwamba mlango umegoma, wao wanaitikia kibwagizo. Nikajiambia nimeua mtoto wa watu kwa gundi.

Nikaokota figa jikoni kwao, nikalizungushia zile kanga, nikavunja kioo cha upande wangu, nikaingiza mkono, nikachomoa funguo na kufungua mlango wa nyuma. Hapo ndipo ngoma zikanyamaza na Mama Zuhura akaacha kucheka.

Tulimtoa hajiwezi, wakammwagia maji, wakampepea, mpaka akafumbua macho. Akamtafuta somo yake, akasema taratibu, "Somo, sikusema kitu."

Nililia mbele ya ukoo mzima, kanga za watu zikiwa bado mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo sigusi swichi ya gari hata ya taa, na nikipakia mtu kioo kimoja kinabaki chini, mvua inyeshe isinyeshe.