Ngano ya Bibi Isiyo na Wimbo

Sisi tuliosoma kidato cha kwanza Ihanda, enzi zile za kugombania kitabu kimoja watu sita, hatujasahau tulivyofundishwa tanzu za fasihi. Mwalimu Mwashitete aliingia darasani mikono mitupu, akaimba wimbo wa kulimia wa Kinyiha kwa sauti mbaya kweli, tukacheka mpaka madawati yakalia. Alipomaliza akasema huo ni ushairi. Akatutegea kitendawili, akasema hizo ni semi. Akaiga mwalimu mkuu anavyotembea, tukashika mbavu. Hayo, akasema, ni maigizo. Ikabaki hadithi. Hiyo akatutuma nyumbani: kila mtu alete ngano moja, imeandikwa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa uani, anachambua kahawa kwenye chanja. Nilikaa pembeni yake na daftari, harufu ya maganda yaliyochacha imenijaa puani. Alinisimulia ngano ya binti aliyemezwa na mto, na mama yake aliyekwenda kila siku kumwita kwa wimbo. Bibi aliuimba mara tatu. Ya tatu akaiacha kahawa, akapiga na makofi. Niliandika yote kwa Kiswahili, ila wimbo niliuruka. Ulikuwa wa Kinyiha cha zamani, nikaona utaniaibisha mbele ya wenzangu waliotoka Vwawa mjini.

Mwalimu alinipa alama nzuri, kisha akaniita mezani.

"Hadithi umeileta," aliniambia, "wimbo umeuacha kwenu. Rudi ukauchukue."

Niliitikia ndiyo. Jioni ile tulicheza rede, kesho yake zamu yangu ya maji, keshokutwa nikasahau. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu.

Sasa nafundisha Kiswahili hapa Mpemba. Wanafunzi wangu wana kila kitu kwenye simu. Ukitaja ngano wanafikiria maandazi. Mwaka huu niliamua kuwasimulia ile ya Bibi. Wakaacha kunong'ona. Hata yule binti wa nyuma anayesinzia kila kipindi aliinua kichwa. Nilipofika pale mama anaposimama ukingoni mwa mto, nikanyamaza. Wakasubiri.

"Madam, hapo anasemaje?" mmoja akauliza.

Nikawaambia anaimba. Wakaniomba niimbe. Niligeukia ubao nikaandika kwamba wimbo katika ngano huishirikisha hadhira. Wakanakili, kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Ihanda kwa shangazi, binti pekee wa Bibi aliyebaki. Nilimkuta anaota jua, macho hayaoni vizuri tena. Nilimwomba ule wimbo, akajaribu. Akapata maneno mawili, akayarudia, akatikisa kichwa.

"Sisi hatukuhangaika kuushika," alisema taratibu. "Si wewe ndiye uliyekuwa unaandika?"

Enzi zetu majina ya tanzu tuliyajua tukiwa wakubwa, lakini vitu vyenyewe tulikua navyo, tukilala na kuamka navyo. Wanafunzi wangu wanayataja majina yote bila kukosea, na wakiniuliza ngano wakaiombe kwa nani, mimi mwalimu wao sijui niwaelekeze kwenye nyumba ipi.