Kunde za Mama katika Mahindi ya Kaka

Mimi na kaka yangu hatupendani, na nasema hivyo bila kutafuta huruma ya mtu. Tunasalimiana kwa sababu Mama yuko hai. Ugomvi wetu ni juu ya shamba la hapa Tezo alilotuachia marehemu Baba, yaani alilomwachia yeye, maana mimi ni mwanamke: niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na masanduku ya vitabu ambayo mchwa walikuwa wa kwanza kuyafungua.

Zamani shamba lile lilikuwa vurugu tupu. Mikorosho, mihogo, mbaazi, mahindi yaliyopandwa shimo moja na kunde, na mchunga ulioota wenyewe kila mahali. Mchunga ni mboga chungu isiyopandwa na mtu. Kina mama wa jirani waliingia kuchuma bila kubisha hodi, na hakuna aliyewauliza. Kisha kaka akakodi trekta. Akang'oa mikorosho, akapanda mahindi matupu kutoka njiani hadi bondeni, akanyunyiza dawa ya magugu. Shamba likang'aa kama kichwa kilichonyolewa. Alinipigia simu nije nilione, nami nikaliona. Hapakuwa na nyuki wala kipepeo, na mvua kubwa ilipokuja udongo wa juu ulitelemka bondeni, na hata vyura hawakulia. Mchunga ndio uliotangulia kufa. Kina mama wakaacha kuja.

Msimu uliopita wakaja viwavijeshi. Waliingia kwenye mahindi ya kaka kama wageni walioalikwa, wakala hadi mabua. Kwenye kishamba cha Mama nyuma ya jiko, kisichowahi kuona dawa, waliingia pia; lakini huko kulikuwa na manyigu ya kuwabeba, sungusungu wa kuwararua, na kuku wa kumalizia. Mama akavuna. Kidogo, lakini akavuna, na sote tukala kwake, kaka akiwa wa kwanza kunawa mikono.

Ungedhani amejifunza. Alikuja barazani akatangaza kwamba mvua hii trekta litapita hadi ukuta wa jiko, ili afidie hasara.

"Kwa hiyo kile kilichotulisha ndicho unachokifuta?" nikamwuliza.

"Wewe shamba lako liko kwa mumeo."

"Sina mume."

"Basi huna shamba."

Nikaanza hotuba. Bioanuwai, wadudu walao wadudu, udongo unaochoka. Haya niliyasoma chuo kikuu, na nimeyaandika magazetini kwa ufasaha unaonifurahisha mimi mwenyewe. Kaka alipiga mwayo wa makusudi, meno yote nje.

"Shika jembe, dada, tuione hiyo bioanuwai yako. Mara ya mwisho kupalilia ulikata mpira wa maji."

Ni kweli niliukata.

Mama alikuwa akichambua kunde za mbegu kwenye ungo. Hakuinua macho. "Lima, mwanangu," akamwambia. "Shamba ni lako."

Siku ile sikumsemesha Mama. Trekta likaja, likapita juu ya mbaazi na maboga, nami nikasimama mlangoni nikimwombea dereva pancha.

Mvua ya kwanza iliponyesha, kaka alipanda mahindi yake kwa kamba. Kesho yake asubuhi akaenda Kilifi mjini kununua dawa. Hapo ndipo Mama alipofunga leso kiunoni, akatoa ule ungo, akawaita kina mama wa mchunga. Walikuja wote. Waliinama wakafukia kunde na mbegu za maboga kati ya mistari, kuanzia ukuta wa jiko hadi bondeni, wakichekana na kutaniana kama wasichana. Mimi nilipewa kazi ya kubeba maji ya kunywa.

Hapa kwetu, mbegu iliyofukiwa na mkono wa mama haiharibiwi na mwanawe. Awe Mkristo, awe Mwislamu, awe amesoma mpaka akachanganyikiwa, haigusi, anaogopa laana. Na dawa ya kaka huacha mahindi ikaua kila kisicho mahindi.

Kaka alirudi, akajaza bomba la kunyunyizia dawa, akalivaa mgongoni, akafika shambani akaona nyayo.

"Nani amekanyaga shamba langu?"

"Mimi," Mama akasema. "Nimepanda kunde zangu. Ukitaka kuzinyunyizia, nyunyiza nikitazama."

Maji ya dawa yakawa yanamdondoka kisiginoni. Akanigeukia mimi. "Hii ni akili yako, mchawi wewe."

Ningependa sana iwe yangu.

"Na magugu je? Shamba zima hili atapalilia nani?"

"Una mikono," Mama akasema. "Na dada yako anayo, tutaiona leo."

Basi tunapalilia. Kunde zimetambaa, nyuki wanaingia kwenye maua ya maboga. Mchunga haujarudi, na huenda usirudi. Kama viwavi watakuja tena, hatujui. Kaka hushika mstari wake nami wangu, tumepeana migongo, hatusemezani. Jana jembe langu lilipita pasipotakiwa.

"Hiyo ni kunde ya Mama, kipofu wewe!"

Alikuja mbio, akapiga magoti, akaurudisha mche ule shimoni na kuukandamiza udongo kwa vidole vyote, taratibu, huku akinitukana bila kupumua.