Aliyeingia Kupitia Pengo la Minyaa

Mtasema nimetunga. Semeni. Mimi sina nafasi ya kutunga mambo. Nina ng'ombe wa kukamua na shemeji mzima wa kulisha kama mtoto, na huyo shemeji ndiye ushahidi wangu. Anayebisha aje huku kwetu Shinyanga amwone.

Anaitwa Masanja, mdogo wa mume wangu. Alirudi kutoka machimbo ya Rwamgasa na pikipiki, miwani ya jua na dharau, na dharau ndiyo ilikuwa nyingi kuliko vyote. Hata hajamaliza kusalimia, akautazama uzio wetu wa minyaa, akasema unamtia aibu. Yeye atajenga ukuta wa tofali na geti la chuma.

Mnyaa si mti wa kujivunia, nakubali. Ni vijiti vya kijani vilivyopandana, majani yake ya kutafuta, maua yake ya njano madogo hata mwenye nyumba anaweza asiyaone. Lakini kiangazi kikikausha kila kitu, wenyewe unabaki kijani, na mbuzi hawaugusi. Ukiukata unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukikuingia jichoni utajuta kuzaliwa. Kwa hiyo sisi tunaukata upepo ukiwa umetulia, tena tumeupa mgongo. Wakwe zangu waliupanda kwa sababu nyingine pia, ambayo huku kila mtu anaijua: aliyekufa vibaya hawezi kuupita.

Nilimweleza yote hayo. "Shemeji, huo ni ushamba," akanijibu, akachukua panga, akaanza kukata saa saba mchana, upepo ukimpiga usoni. Mtu anajua dhahabu ilipo chini ya ardhi, ila upepo unakotoka hajui.

Alikuwa amefungua pengo la kupitisha mkokoteni nilipomsikia akipiga yowe. Macho yote mawili. Nikakimbilia pipa la maji, nikakuta tupu, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa ameoshea pikipiki yake. Ndipo nilipomwona mtu amesimama penye pengo.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, kwa adabu. "Maji ninayo."

Alikuwa amelowa hadi kifuani, tope la kijivu la mgodini limemganda hadi kwenye nywele. Mvua ilikuwa haijanyesha miezi mingi, lakini wakati ule nani angeuliza? Nikamkaribisha. Akapiga magoti, akampakata Masanja kichwa, akavua shati na kulikamua juu ya macho yake.

"Fumbua, Masanja. Ni mimi."

Masanja akaacha kulia. Akasema polepole, "Wewe tulikuacha chini."

"Nilikuwa naita," yule mtu akasema.

Niaminini, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye shati lile na ardhi chini yake ilikuwa kavu. Nilitimua mbio. Niliporudi na majirani tulimkuta Masanja peke yake, na akatueleza kila kitu akiwa amekaa mavumbini. Duara lao, lile shimo la kuchimbia, lilititia wakati wameshapandisha mifuko ya mawe yenye dhahabu, mwenzao mmoja akiwa bado chini. Walimsikia akiita. Kumfukua kungeleta watu, na watu wangeyaona mawe. Wakabeba mawe wakaondoka. Mwanamume mzima, na ndevu zake.

Jioni ileile tuliziba pengo. Kupanda minyaa hakuna kazi: unakata tawi, unaliacha jeraha likauke, unalichomeka ardhini na kulisahau. Sisi hatukusubiri hata jeraha likauke, na matawi yakashika vilevile. Tulijiona wajanja sana. Katika watu wazima wote wale, hakuna aliyeuliza kama mgeni alikuwa ametoka.

Hospitali walisema macho ni mazima. Lakini Masanja hatuoni sisi, anatupapasa kama kipofu. Anayemwona ni yule mmoja tu. Anamsogezea kigoda, anamwomba radhi, ananyamaza kusikiliza, anaomba tena. Kila asubuhi nafagia tope la kijivu chini ya kigoda hicho, na bado ni bichi.

Mara kadhaa nimechukua panga nifungue pengo yule mtu aende zake. Masanja ananishika mkono na kulia. Anasema wameshazungumza, na mwenzake amemwambia kwamba akitoka watatoka wote wawili.

Basi ninyi wa machimboni mnaodharau minyaa, iacheni ilivyo. Na kama mmeshaikata, msizibe pengo kabla ya kujua nani yumo ndani. Habari zetu zilipoenea nilidhani watu watakuja kunicheka. Badala yake wanakuja vijana na pikipiki zao mpya, wanazima injini mbali, wananiamkia, wananiomba tawi la kwenda kupanda kwao. Nawakatia. Siwaulizi wanamwogopa nani, maana ningewauliza wote ningeshinda nasikiliza.